Nafasi ya Galma Kisimani

Lori la wanafunzi lilipoonekana likitimua vumbi upande wa kusini, Eldima nzima ilisimama. Wanawake walitoka vibandani na unga mikononi. Wazee waliacha bao katikati ya mchezo. Hata ngamia waliofungwa karibu na kisima walinyanyua shingo.

"Wanakuja! Talaso, tandika mkeka!"

Talaso Guyo hakuwa na cha kutandika. Mkeka ulikuwa chini tangu alfajiri, hatua thelathini kwa urefu, ukikatiza njia kuu ya mji na kufunikwa mchanga laini kama unga. Chini ya mchanga huo nyuzi za shaba zilikuwa zikisikiliza. Mkeka haukutazama sura ya mtu wala kumuuliza jina. Ulisikiliza mwendo wake: kisigino kinavyotangulia, kidole gumba kinavyosukuma, mwili unavyoyumba. Hakuna watu wawili wanaotembea sawasawa, hata pacha. Ukikanyaga mkeka mara moja umehesabiwa, na ukirudi mara mia hutaongezeka.

Wanafunzi waliruka chini kabla lori halijasimama. Walikuwa saba, wamesafiri siku mbili kutoka chuoni, midomo imepasuka kwa upepo.

"Piteni taratibu!" Talaso aliwapigia kelele kutoka kwenye kiti chake, kisanduku cha mkeka mapajani. "Mkikimbia mkeka utadhani ni mbuzi!"

"Shangazi, hata hujambo hakuna?"

"Hujambo utaipata ukishavuka!"

Wakavuka mmoja mmoja, watu wakiita jina la kila mmoja na vigelegele vikimfuata. Adano. Sora. Qabale, aliyeondoka akiwa na meno ya mbele yaliyochomoza na sasa anatembea kama mwalimu mkuu. Kila jina lilipoitwa, taa juu ya mnara wa bomba ilibadilisha tarakimu zake nyekundu.

"Mia tatu tisini na saba!" Bi. Syombua alipaza sauti kwa furaha.

Vigelegele vikakatika. Mama Dabo, mwenye kibanda cha chai, alitema mate kidogo pembeni ya bega lake. Bibi mmoja akaziba masikio ya mjukuu wake.

Bi. Syombua alikuwa karani wa maji, ametoka Machakos na kofia pana na kibao cha kielektroniki cha kuandikia. Alijishika mdomo. "Jamani, nimesahau tena. Nisameheni."

"Ng'ombe wa kwenu mnawataja kwa idadi, Bi. Syombua?" Mama Dabo aliuliza.

"Mbuzi. Nyumbani tunafuga mbuzi."

"Basi ndiyo maana hawaongezeki."

Watu wakacheka, na karani akacheka kuwazidi. Eldima mtu aliye hai hakutajwa kwa namba, maana namba ikitamkwa husikika na viumbe visivyofaa kuisikia. Uliuliza tu kama kundi limejaa, ukajibiwa limejaa au bado. Leo lilikuwa bado. Sheria ya maji ilitaka mji uwe na watu mia nne jua likizama siku ya hesabu. Mji uliopungukiwa ulifungiwa bomba, na watu wake wakapelekwa kwa malori kwenye kambi za mji mkuu wa jimbo. Kisima cha Eldima kilikuwa na maji bado, lakini ya magadi. Yaliwafaa ngamia, si watoto.

Walipungua watatu, na jua lilikuwa bado utosini. Mwenyekiti Wario Sharamo alikuwa amepiga simu hadi Moyale na Isiolo. Kila aliyezaliwa Eldima na kuweza kurudi, alikuwa amerudi.

*

Asubuhi ile, kabla watu hawajajaa, Bi. Syombua alikuwa amemwonyesha Talaso kitu. Kilikuwa orodha ya hesabu ya kwanza kabisa, ya miaka arobaini iliyopita, iliyopigwa picha kutoka daftari la karatasi. Alifikiri mtunza mkeka angependa kuona majina ya wazee wake.

Talaso aliisoma kwa kidole. Juu kulikuwa na jumla: mia nne na kumi na wawili. Chini yake Boru, Halakhe, Jarso, Tuye...

Kidole kikasimama.

"Jarso alikuwa babu yangu," alisema. "Alikufa mama yangu akiwa hajaolewa."

"Labda Jarso mwingine?"

"Jarso wa kisimani. Wa tano kutoka chini." Akaendelea kusoma, jina baada ya jina. Majina hayakufuata nyumba. Yalifuata kisima.

Kisima cha Eldima kilikuwa kirefu, na wanaume waliyatoa maji wakiwa wamepangana kutoka chini hadi juu, wakirushiana ndoo za ngozi na kuimba. Kila mtu alikuwa na nafasi yake ukutani. Alipokufa, nafasi yake haikuzibwa. Iliachwa wazi, na ndoo ikarushwa kupita pale, jina lake likiitwa katika wimbo kama la wengine, mpaka mtoto wa jina lake akue na kushuka kuishika.

Karani wa kwanza alifika, akauliza ni nani watu wa Eldima. Wazee hawakutaka kutaja idadi, basi wakampeleka ukingoni mwa kisima na kuimba. Naye akaandika majina yote aliyoyasikia. Aliandika na nafasi wazi.

"Hawakukusudia," Talaso alisema. "Waliulizwa watu wa kisima, wakawataja watu wa kisima."

Bi. Syombua alipiga hesabu ya haraka. "Wafu zaidi ya mia moja. Mgao ulifuata daftari hili hadi mikeka ilipokuja, miaka kumi iliyopita. Miaka thelathini." Akainua macho. "Bomba likitoka hapa linakwenda wapi?"

Talaso hakuhitaji ramani. Bomba lilitoka mlimani kwenye minara ya kukusanya umande, likapita Eldima, likavuka uwanda wa chumvi na kuishia Garwole. Binti yake Bokayo aliolewa Garwole. Kila Talaso alipokwenda kumsalimia, alikuta madebe yamepangwa bombani tangu alfajiri, na bomba likikohoa hewa. Watu wa Eldima walikuwa na utani wao: Garwole hata inzi hubeba maji yake. Yeye mwenyewe aliwahi kuutoa utani huo mbele ya mkwe wake, na mkwe akacheka kwa adabu.

*

"Watatu tu, Talaso."

Mwenyekiti Wario alichuchumaa kando ya kiti chake. Bi. Syombua alikuwa amekwenda kibandani kunywa chai, na watu walikuwa wakitazama upande wa kusini kana kwamba macho yao yangevuta lori jingine.

"Watatu siwezi kuwazaa kabla ya magharibi, mwenyekiti."

"Unao. Nilikukuta mwaka jana, saa ya watu kulala mchana. Niliona mchanga."

Mkeka ulikuwa na kazi ya pili ambayo mafundi waliitumia kuupima. Hatua zilizohifadhiwa ndani yake ziliweza kurudishwa: nyuzi zilitetemeka kwa mpangilio uleule, mchanga ukabonyea, na wayo ukajichora juu yake bila mguu. Kaka yake Galma alikuwa amevuka mkeka katika hesabu iliyopita, miaka mitano nyuma. Miaka minne sasa tangu homa ya siku tatu imchukue. Picha zake zilikuwa mbili tu, zote zimekunjamana. Lakini mwendo wake ulikuwa humo wote, mzima, pamoja na mguu wa kushoto aliouburuta tangu ngamia amkanyage utotoni.

"Mji huu una makaburi ya babu zetu," Wario alisema. "Unataka wabaki na fisi peke yao? Wafu ni watu wetu, Talaso. Nani kakuambia si watu wetu?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomshinda. Talaso aliminya kitufe.

Mchanga mwanzoni mwa mkeka ukazama. Wayo wa kulia, mpana, vidole vimetawanyika. Kisha wa kushoto, na mbele yake mfereji mdogo, pale kidole gumba kilipoburuta. Kulia. Kushoto na mfereji. Mtoto mmoja aliona kwanza, akapiga yowe. Umati ukageuka. Nyayo zikaendelea hatua nne, tano. Halafu bibi mmoja akauinua mkono wake.

"Galma! Huyo ni Galma, mwana wa Guyo!"

Vigelegele vikapasuka mji mzima. Watu walikimbia kandokando ya mkeka wakiufuata mwendo ule, wakilia na kucheka kwa pamoja, wakimwita kwa jina na kumtania juu ya mguu wake kama walivyomtania akiwa hai. Talaso alisimama. Alikuwa ameutazama mwendo huo mara nyingi akiwa peke yake, na hakuwahi kuwaza kwamba ungekuwa mzuri hivi mbele ya watu.

Nyayo zilifika mwisho wa mkeka. Taa ikabadilika.

Bi. Syombua alikuja mbio kutoka kibandani, chai ikimwagikia vidole. "Kundi linajaa! Mmeona, safari hii nimesema vizuri! Nani amefika?"

Wario akatazama viatu vyake.

"Kaka yangu," Talaso alisema.

"Hongera, dada! Ametoka mbali? Yuko wapi nimpe mkono?"

Kama karani angeuliza kwa ukali, pengine Talaso angemjibu kwa ukali. Lakini mkono ulikuwa umenyooshwa kweli, ukinukia tangawizi, ukimsubiri mtu.

"Yuko nyuma ya kile kilima," Talaso alisema. "Ana miaka minne huko."

Mkono wa Bi. Syombua ulishuka polepole. Alitazama nyayo mchangani, akautazama mfereji wa mguu wa kushoto.

"Talaso, kaa kimya," Wario alinong'ona.

"Nimekaa kimya tangu asubuhi." Aliinua sauti ili wote wasikie, na akawaeleza habari ya daftari, ya wimbo, na ya nafasi zilizoandikwa. "Galma hanywi maji. Nikimwacha hapo kwenye taa, ndoo yake itatoka Garwole, kama zilivyotoka ndoo za Jarso na wenzake. Hapo wazee walikosea bila kujua. Mimi najua."

"Binti yako yuko Garwole, ndiyo maana!" mtu alifoka kutoka nyuma.

"Ndiyo," Talaso alisema. "Na dada yako yuko Garwole, Abudo. Nani hapa hana mtu Garwole?"

Abudo akarudi nyuma ya watu.

"Liondoe jina lake," Talaso alimwambia karani.

Bi. Syombua alisita. "Hesabu ikishapanda haishuki hivihivi. Lazima hatua zenyewe zifutwe kwenye mkeka. Hazitarudi tena. Hakuna nakala, dada."

Talaso alikuwa anajua. Mtunza mkeka asingekosa kulijua hilo. Alipiga magoti mwishoni mwa mkeka, kwenye wayo wa mwisho kabisa, akaweka kiganja chake ndani. Kilienea. Mchanga ulikuwa wa moto kwa jua. Kisha akarudi kitini, akaminya alipopaswa kuminya, na nyayo zikajaa mchanga moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza, mpaka mkeka ukawa laini.

Taa ikashuka. Hakuna aliyelaumu, hata Wario.

"Sheria inanitaka niandike ripoti ya udanganyifu," Bi. Syombua alisema baadaye kidogo, akipangusa macho kwa ukingo wa kofia. "Lakini mimi nilikuwa nakunywa chai. Nilichokiona ni mtu akisema kweli kabla kikombe hakijapoa."

*

Ilikuwa saa saba na nusu Bokayo alipopiga simu.

"Mama, kwenu kundi limejaa?"

"Bado. Kwenu?"

"Bado kabisa. Tumepungukiwa kumi na wawili." Bokayo alikuwa mtu wa siku hizi, namba hazikumwogopesha. "Mzee wa hapa ameshaanza kufunga mizigo. Malori yakija yatatupeleka kambi moja, nadhani. Angalau nitakuwa karibu nawe."

Talaso aliishusha simu. Alitazama mkeka. Haukuwa kipande kimoja. Mafundi walikuja na vipande vitatu juu ya ngamia, wakaviunganisha kwa ndoano za shaba. Yeye mwenyewe alizikaza kila mwaka baada ya upepo.

"Bi. Syombua, nisomee sheria. Pale inaposema mji ni nini."

Karani akatafuta kwenye kibao chake. "'Mji ni watu wote waliohesabiwa kwa mkeka mmoja na wanaokaa mahali pamoja jua likizama siku ya hesabu.'"

"Mahali gani?"

"Mahali pa—" Akasoma tena. Akashuka chini, akapanda juu. Kofia ilimwangukia mgongoni na hakuijali. "Haisemi! Talaso, haisemi mahali gani!"

"Garwole wana mkeka kama huu. Una ndoano kama hizi."

Kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja. Kuna waliouliza habari ya nyumba za mabati. Kuna waliouliza kama Garwole watawapokea. Wario alipanda juu ya debe.

"Na makaburi?" alisema. "Mimi nimemzika mke wangu hapa."

"Tutakuja kuyasalimu," Talaso alisema. "Ni mwendo wa saa tatu, mwenyekiti. Kutoka kambini ni siku mbili."

Mama Dabo alikuwa ameshamwaga majivu ya jiko lake. "Mnajadili nini nyie wanaume? Bibi yangu alihamisha nyumba mara nne kwa mwaka, na mtoto mgongoni. Mji huu umekaa kitako miaka arobaini tu, mmeshaota mizizi?" Akang'oa nguzo ya kibanda. "Leteni ngamia!"

Hapo ndipo Eldima ilipokumbuka ilichokuwa. Mabibi waliokuwa wakiongozwa kwa mkono asubuhi walianza kutoa amri. Wao ndio waliojua fundo gani linashika mti wa nyumba ubavuni mwa ngamia, na wapi mtoto hukalishwa ili asiteleze. Wanafunzi wa chuo walifundishwa na kutukanwa, wakafundishwa upya. Nyumba za mikeka zilifunguliwa na kufungwa kwa muda ambao chai ingechemka. Za mabati ziliachwa wazi. Wario alisisitiza kubeba mlango wa duka lake, hakuna aliyejua kwa nini, na akaubeba mwenyewe kichwani.

Talaso alifungua ndoano tatu. Akaukung'uta mkeka, akauviringisha, na ngamia wake wa kijivu akapiga magoti kuupokea.

Saa nane na nusu mji wote ulikuwa juu ya uwanda wa chumvi. Ardhi ilikuwa nyeupe hadi kwenye ukingo wa mbingu, ikikatika chini ya miguu kama mkate mkavu. Kengele za ngamia zililia, mbuzi walilia, Bi. Syombua alitembea katikati yao akiwa amevua viatu, akiuliza kila baada ya dakika kumi jua liko wapi, ingawa lilikuwa likimchoma mgongoni.

"Likitushinda?" alimuuliza Talaso.

"Tutakuwa tumetembea tu. Hatujawahi kufa kwa kutembea."

Jua lilipofika kimo cha nyumba, waliona watu wakija mbio kutoka mbele. Walikuwa watu wa Garwole. Bokayo aliwapigia simu wazee, wazee wakagombana, wakapatana, na sasa wanaume wao walikuja kuwapokea wachovu mizigo na watoto. Hakukuwa na muda wa salamu. Mtu alimpokea Wario mlango wake bila kuuliza kitu.

Mkeka wa Garwole ulikuwa wa zamani kuliko wa Eldima, na ndoano zake zilikuwa na kutu. Ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Ya tatu haikukubali. Talaso aliigonga kwa jiwe. Bokayo alikuja na mafuta ya ngamia, akaipaka kwa kidole.

"Sukuma, mama."

"Nasukuma!"

"Sukuma kama unafungua mlango wa Wario!"

Walicheka, na katika kucheka huko ndoano ikaingia. Nyuma yao ukingo wa jua uligusa chumvi. Taa ya mnara wa Garwole ikazimika, ikafikiri, ikawaka.

Bi. Syombua aliitazama. Akafungua mdomo, akaufunga kwa mikono yote miwili, akarukaruka kama mtoto.

"Limejaa!" alipiga kelele kupitia vidole vyake. "Kundi limejaa! Limejaa hadi linamwagika!"

*

Asubuhi ngamia wa miji miwili walisimama kisimani wakiwa na kiu ya safari. Kisima cha Garwole kilikuwa kirefu kuliko cha Eldima, na wanaume wa pande zote mbili walizunguka mdomo wake bila kushuka, kila mmoja akimwachia mwenzake atangulie.

Talaso alisimama kando na debe lake. Hakuwa na kazi pale; kisima kilikuwa kazi ya wanaume. Alikuwa akijaribu kuukumbuka mfereji ule mdogo wa mguu wa kushoto, ulianzia wapi na kuishia wapi, na tayari hakuwa na hakika.

Elema, mume wa Bokayo, alimjia, akasimama kwa heshima hatua mbili mbali naye.

"Mama mkwe, shikamoo."

"Marahaba."

"Wanaume wananituma nikuulize. Mjomba Galma alisimama wapi kule kwenu?"

Talaso aliweka debe chini. "Wa tatu kutoka chini."

Elema aliitikia kwa kichwa, akarudi. Wakashuka. Chini kabisa alishuka mtu wa Garwole, akafuata wa Eldima. Juu yake palibaki ukuta mtupu, upana wa mtu mwenye mabega mapana, na juu ya hapo akasimama Elema. Wengine wakajipanga hadi kwenye mwanga.

Wimbo ukaanza chini, sauti moja, kisha nyingi. Kila jina liliitwa na mwenyewe akaitika. Lilipoitwa la Galma, wakaitika wote, Garwole na Eldima, na ndoo iliyojaa ikarushwa kutoka gizani, ikapita pale wazi ikimwaga matone, na Elema akaidaka.